Kupaka Silanti na Nta kwenye Gari Nyumbani: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali ya wanaoanza kutunza rangi ya gari wenyewe hufanana mno: kipi hutangulia kati ya nta na silanti (dawa ya kiwandani inayopakwa juu ya rangi ili kuikinga), je, sabuni ya unga inafaa, mbona gari limebaki na ukungu mweupe baada ya kupakwa, na mbona maji yaliyokuwa yakiteleza mwezi wa kwanza sasa yanatuama. Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata utaratibu wa kazi yenyewe. Umeandikwa kwa kumfikiria mwenye gari la kawaida lililotumika, la kuagiza kutoka Japani, analoliegesha nje katika mji wa pwani kama Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambako jua, chumvi ya bahari na kinyesi cha kunguru huila rangi mapema. Anayeishi Dodoma au Nakuru ataufuata vilevile, ila adui yake mkubwa atakuwa vumbi.

Jambo moja lishike tangu mwanzo: matokeo huamuliwa na usafi wa rangi kabla ya kupaka, wala si bei ya kopo. Silanti ya bei ya kati iliyopakwa juu ya rangi safi hudumu kuliko ya ghali iliyopakwa juu ya mafuta na vumbi. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini ni za kusafisha, na kupaka kwenyewe ni sehemu ndogo ya kazi.

Nta, silanti na klia

Magari mengi ya sasa yana tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia, na unene wake kwa kawaida ni kama mikroni 35 hadi 50, yaani ni jembamba kuliko unywele. Hilo ndilo linalong'aa, na ndilo linalopokea jua. Nta inayosifiwa zaidi hutokana na majani ya carnauba, mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Hutoa mng'ao mzito unaopendeza hasa kwenye rangi nyeusi, nyekundu na ya buluu iliyokoza, lakini gari linaloshinda juani huipoteza baada ya wiki 4 hadi 8. Silanti hutengenezwa kiwandani kwa polima, hustahimili joto na shampuu vizuri zaidi, na kwa kawaida hudumu miezi 3 hadi 6.

Ukiwa na fedha ya kununua kimoja, nunua silanti. Ukiwa na vyote viwili, silanti hutangulia na nta hufuata juu yake, kwa sababu silanti inahitaji kushikana na klia yenyewe, na ikipakwa juu ya nta haina pa kushika. Hakuna kati ya viwili hivyo kinachoondoa mikwaruzo wala kurudisha rangi iliyopauka; hiyo ni kazi ya kampaundi (dawa ya kusagia tabaka jembamba la juu la rangi) na mashine, na mwongozo huu hauigusi.

Vifaa vya kuandaa

- Ndoo mbili, moja ya maji ya shampuu na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glovu.
- Shampuu ya gari. Sabuni ya unga iache kwa nguo, kwa kuwa huondoa kinga na kukausha mipira ya milango.
- Glovu ya kuoshea yenye nyuzi ndefu. Sponji bapa la jikoni hushika mchanga usoni pake na kuusugulia kwenye rangi.
- Vitambaa vya maikrofaiba visivyopungua 6, na taulo moja kubwa la maikrofaiba la kukaushia. Kata lebo zote kabla ya kuvitumia, kwa sababu pindo la lebo hukwaruza.
- Udongo wa kusafishia rangi, ule laini unaouzwa kwenye maduka ya vipodozi vya magari. Kipande cha gramu 100 hutosha magari kadhaa.
- Spiriti ya isopropili ya asilimia 70 na chupa ya kupulizia. Spiriti ya dukani iliyotiwa manukato au mafuta ya kulainisha ngozi haifai, maana huacha utando uleule tunaotaka kuuondoa.
- Silanti, nta, na sponji mbili ndogo za kupakia, kila moja kwa dawa yake.
- Tepu ya karatasi inayotumiwa na wapiga rangi.

Kuhusu maji, ukiweza tumia ya bomba au ya mvua. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, na tone la maji hayo likikaukia juani juu ya boneti huacha duara jeupe ambalo baadaye huwa gumu kutoka. Kama huna mengine, tumia hayohayo kuosha, lakini weka akiba ya ndoo moja au mbili za maji baridi yasiyo na chumvi kwa suuzo la mwisho.

Kuna vitu watu hupendekezana ambavyo naviweka kando moja kwa moja: polishi ya sakafu, polishi ya viatu, mafuta ya nazi, dizeli na mafuta ya taa. Vyote hung'arisha kwa siku moja. Baada ya hapo mafuta hunasa vumbi, na dizeli na mafuta ya taa huharibu plastiki na mipira.

Ikague rangi kwanza

Kama gari limepigwa rangi upya, usipake chochote kabla ya siku 30 kupita, na ni vyema umuulize fundi aliyepiga, kwa kuwa baadhi ya rangi huhitaji muda mrefu zaidi ili kimiminika kilichomo kimalize kutoka. Kama rangi ni ile isiyong'aa kwa makusudi, nta na silanti za kawaida zitaiacha na mabaka yanayong'aa, hivyo usizitumie. Na kama gari ni la zamani, hasa pikapu nyekundu au nyeupe, sugua sehemu ndogo iliyofichika kwa kitambaa cheupe chenye nta kidogo. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, gari hilo halina klia. Hakuna tatizo, endelea tu na kazi, ila usishtuke vitambaa vyako vikigeuka vyekundu.

Hatua za kazi

1. Chagua wakati na mahali. Fanya kazi asubuhi mapema au jioni, kwenye kivuli cha jengo au banda. Kivuli cha mwembe au mkorosho hakifai, kwa sababu utomvu, chavua na ndege wa juu vitakurudisha mwanzo. Weka kiganja juu ya boneti: usipoweza kukiacha hapo kwa utulivu, bati bado lina joto na dawa itakauka kabla hujaisambaza. Msimu wa kipupwe, Juni hadi Agosti, ndio mwafaka zaidi pwani. Wakati wa masika unyevu wa hewa huchelewesha silanti kukauka, na mvua hukukatiza katikati ya kazi.

2. Suuza kwa maji mengi kabla ya kugusa rangi. Anzia paani ushuke chini, na tumia muda mrefu zaidi kwenye fenda na sehemu za chini ya milango ambako mchanga hujificha. Kila punje inayoondoka kwa maji ni mkwaruzo uliouepuka.

3. Osha kwa ndoo mbili. Chovya glovu kwenye shampuu, osha sehemu moja kwa mwendo wa mstari ulionyooka bila kukandamiza, kisha isuuze glovu kwenye ndoo ya maji matupu kabla ya kuirudisha kwenye shampuu. Anza na paa, vioo, boneti na buti, kisha milango, na umalizie na bampa na sehemu za chini. Rimu zina vumbi la breki lenye chembe za chuma, kwa hiyo zitengee kitambaa chake ambacho hakitagusa bodi kamwe. Kosa la kawaida hapa ni kuosha gari zima kwa ndoo moja hadi maji yawe ya matope. Wakati huo huoshi tena, unapiga msasa.

4. Ondoa lami na utomvu. Vidoa vyeusi vya lami nyuma ya matairi hulainika kwa dawa ya kuondolea lami. Iache dakika chache, futa kwa kitambaa laini, kisha osha sehemu hiyo tena. Utomvu mkavu ulowanishe kwa spiriti kwenye kitambaa hadi ulainike wenyewe, na usiubandue kwa kucha.

5. Ipapase rangi na uisugue kwa udongo. Vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi, kisha pitisha vidole juu ya boneti ikiwa imelowa. Tangu Tanzania ipige marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, na Kenya kabla yake mwaka 2017, kifungashio cha mkate ndicho kilicho karibu zaidi, nacho kinatosha kabisa. Kupitia plastiki vidole husikia vipele ambavyo kwa mkono mtupu usingevisikia: ni chembe za chuma, chumvi na uchafu wa angani ulioganda ambao shampuu haiutoi. Kata udongo kiasi cha theluthi ya kipande, uponde uwe bapa, nyunyizia maji ya shampuu kwa wingi, na uupitishe taratibu kwa mistari ya kwenda na kurudi bila nguvu. Mwanzoni utausikia ukikwaruza na kushika. Ukianza kuteleza kimya, sehemu hiyo imekwisha. Ukunje udongo kila mara ili upande safi uwe juu, na ukianguka chini utupe, hata kama ni mpya, kwa sababu mchanga ulioushika hautoki.

6. Suuza na kausha. Tumia yale maji yasiyo na chumvi. Tandaza taulo juu ya bati na ulivute polepole, au liguse tu ili linywe maji, usisugue. Fungua milango, boneti na buti ukaushe pindo zake, pamoja na nyuma ya vioo vya pembeni, maana maji yaliyojificha hapo hutiririka baadaye juu ya silanti ambayo haijashika.

7. Futa kwa spiriti. Changanya spiriti ya asilimia 70 na maji sawa kwa sawa, pulizia sehemu moja, na ufute kwa kitambaa kimoja huku kingine kikikausha papo hapo. Fanya kazi hii mbali na moto wa jiko na sigara. Lengo ni kuondoa mabaki ya nta ya zamani, mafuta ya vidole na ule mng'arisho wa kupulizia wa kwenye vituo vya kuoshea magari, ambao mara nyingi ni silikoni. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo chanzo cha malalamiko mengi kwamba silanti fulani ni feki. Kwenye gari lisilo na klia usizidishe: pita mara moja tu.

8. Paka silanti kwa wembamba. Kwanza bandika tepu ya karatasi kwenye plastiki nyeusi zisizopakwa rangi na kwenye mipira ya vioo. Weka matone matatu au manne madogo kwenye sponji, kisha paka nusu ya boneti kwa mistari inayopandana kidogo, na uhamie nusu ya pili. Gari dogo kama Toyota Vitz au IST halihitaji zaidi ya mililita 20 hadi 30 kwa bodi nzima. Utando unapaswa kuonekana kama ukungu hafifu ukiutazama kwa pembeni. Ukiona mistari mizito myeupe, umezidisha. Kilichozidi hakiongezi kinga hata kidogo, kwa kuwa klia hushika tabaka jembamba tu na kinachobaki huishia kwenye kitambaa chako. Usipake kioo cha mbele, la sivyo waipa zitaruka na kupiga kelele mvua ya kwanza.

9. Subiri, jaribu, kisha futa. Soma maelekezo ya kopo, kwa sababu baadhi ya silanti hufutwa papo hapo na nyingine huachwa dakika 30 hadi 60. Kwa zile za kusubiri, pitisha kidole safi juu ya ukungu: ukitoka wote na kuacha rangi ing'aayo, ni tayari, ukipakaa, subiri zaidi. Unyevu wa pwani unaweza kuongeza muda huo, hivyo kiamini kidole kuliko saa. Futa kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili ili upate nyuso nane, na ugeuze uso kila unapojaa. Kisha pita mara ya pili kwa kitambaa kipya kabisa. Gari lisiguswe na maji kwa muda wa saa 12 hivi, na kama maelekezo yanataka zaidi, yafuate.

10. Paka nta siku inayofuata. Nta inapaswa kuisubiri silanti ishike, na saa 12 hadi 24 hutosha kwa bidhaa nyingi. Kama gari lililala nje na limeshika vumbi au umande, lioshe kwa shampuu na kulikausha kwanza. Paka nta ya kopo kwa sehemu ndogo zaidi kuliko silanti, robo ya boneti kwa wakati mmoja, na uifute baada ya dakika chache kabla haijawa ngumu.

Baada ya kazi

Osha gari kwa shampuu kila wiki moja au mbili, na ongeza nta kila baada ya mwezi mmoja au miwili. Silanti irudie kila miezi 3 au 4 kwa gari la kushinda juani. Mpangilio mzuri kwa pwani ni kuipaka Februari kabla ya masika, Juni masika yanapokwisha, na Oktoba kabla ya vuli kuchanganya. Kipimo ni maji yenyewe: yakijikusanya matone ya mviringo na kukimbia, kinga ipo, yakitandaa na kutuama, imekwisha au imefunikwa na uchafu. Osha kwanza kabla ya kuamua.

Kinyesi cha ndege hakisubiri ratiba. Kikikaa juani, klia hupanuka kwa joto na kusinyaa inapopoa ikiwa imeshikana nacho, na alama huingia ndani. Kilowanishe kwa kitambaa chenye maji, kiache dakika 5, kisha kiinue bila kusugua. Nta hukununulia saa chache tu, haikupi ruhusa ya kukiacha hadi Jumamosi.

La mwisho hapa ni la nyumbani na linahitaji adabu. Katika nyumba nyingi mlinzi, kwa nia njema kabisa, hulifuta gari kila alfajiri kwa kitambaa kilekile cha jana, umande na vumbi vikiwa juu yake. Ukisimama alfajiri ukatazama boneti nyeusi chini ya taa ya barazani, utaona mikwaruzo ya duara aliyoiacha, ikizunguka mwanga kama utando wa buibui. Mshukuru, mpe ndoo na maikrofaiba, na mwombe amwage maji kwanza au aliache gari na vumbi lake. Vumbi lililotulia halikwaruzi. Linalosuguliwa ndilo linalokwaruza.

Matatizo yanayojitokeza

Ukungu au michirizi inayorudi kila ukifuta husababishwa na dawa nyingi au unyevu. Chukua kitambaa kilicholowa kidogo na kukamuliwa vizuri, futa, kisha kausha kwa kingine. Usiongeze nguvu.

Silanti ikikauka na kuwa ngumu kama gamba, kwa sababu bati lilikuwa la moto au ulipaka gari zima kabla ya kufuta, lisogeze kivulini, paka tabaka jipya jembamba juu ya lile gumu na ufute mara moja. Dawa mbichi huyeyusha iliyokauka. Kukwangua ni kutafuta mikwaruzo.

Weupe uliokauka kwenye plastiki nyeusi hutoka kwa mswaki laini na maji ya shampuu yenye uvuguvugu. Ukikaidi, futa sehemu hiyo kwa spiriti iliyochanganywa na maji, ukiijaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana.

Madoa ya duara ya maji ya chumvi hulainishwa kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa. Weka kwa kitambaa dakika moja au mbili kivulini, suuza kwa maji mengi, na rudia silanti hapo, kwa kuwa siki huidhoofisha kinga. Doa lisilotoka baada ya mara mbili limekwisha kuila klia na linahitaji kampaundi.

Silanti ikiisha baada ya wiki 3 tu, ulizia kwanza gari linaoshwa na nani na kwa sabuni gani. Kama jibu ni shampuu, basi kasoro iko kwenye hatua ya 5 au ya 7.

Mabaka meupe yanayobanduka kwenye paa na boneti si uchafu, ni klia iliyokufa, na hakuna nta itakayoirudisha. Ukipaka hapo, dawa itaingia kwenye kingo na kuyafanya yaonekane zaidi. Ziba kingo hizo kwa tepu, linda sehemu zilizo nzima, na panga bajeti ya mpiga rangi. Mwambie mapema kwamba gari limepakwa silanti, ili alisafishe ipasavyo kabla ya kupuliza rangi, maana silikoni au nta iliyobaki huifanya rangi mpya itoke vishimo vidogovidogo.